Breki ya kupampu: kutafuta hitilafu kwenye Land Rover ya zamani kabla haijatoka getini

Swali la kwanza ninalomuuliza mtu aliyeniletea Land Rover ya zamani ni hili: "Breki zipo?" Na jibu, kwa miaka yote niliyofanya kazi hii, halibadiliki: "Zipo fundi, ila unapampu mara mbili." Mwenye gari husema hivyo bila wasiwasi, maana ameshazoea. Mguu wake umejifunza kukanyaga, kuachia, kukanyaga tena, na gari likasimama. Mimi humjibu palepale kwamba gari hilo halina breki. Siku mtoto atakapoufuata mpira wake barabarani, muda uliopo ni wa kukanyaga mara moja tu.

Nikisema Land Rover ya zamani nina maana hasa ya Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na zaidi ile ndefu ya inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ambayo nimeifungua mpaka mikono inajua njia yenyewe. Bado ziko nyingi: za misheni, za mashamba, za idara zilizouzwa mnadani. Siku hizi vijana wanazinunua zikiwa zimeota nyasi na kuzifufua kwa mapenzi. Mengi nitakayoeleza yanafaa pia ile fupi ya 88, Volkswagen Beetle, hata Peugeot 504. Penye tofauti kubwa nitasema.

Gari lililosimama muda mrefu

Watu hudhani breki huharibiwa na mwendo. Mwendo hula laini tu, yaani kile kitambaa kigumu kinachosugua dramu, bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu. Vingine vyote, yaani mipira, silinda na mabomba, huharibiwa zaidi na kusimama. Mafuta ya breki ya kawaida, DOT 3 na DOT 4, hunyonya unyevu wa hewani. Gari likikaa miezi bila kuguswa, unyevu huo hufanya kazi yake kimyakimya ndani ya silinda, chuma kinaota kutu kama chunusi, na siku utakapokanyaga pedali mpira mwororo wa silinda unapitishwa juu ya kutu ile na kuchanika. Kwa hiyo usiniambie gari lilikuwa na breki nzuri siku ulipoliegesha. Hiyo ni habari ya siku ile.

Kabla hujagusa ufunguo, lala chini utazame. Kama una usiku mmoja wa kusubiri, tandika kipande cha boksi chini ya kila gurudumu na kingine katikati ya gari, asubuhi usome madoa. Doa karibu na tairi, upande wa ndani, linaweza kuwa la vitu viwili tofauti na tiba yake ni tofauti, kwa hiyo usikisie. Chovya kidole kwenye doa, kisha kitumbukize kwenye kikombe cha maji. Mafuta ya breki huchanganyika na maji na kupotea. Oili ya ekseli huelea juu na kutanda. Oili ile ya gia, EP 90, pia ni nzito na ina harufu kali ya kiberiti, wakati mafuta ya breki ni mepesi, yanateleza kidoleni, na yakikaa juu ya rangi ya gari huibabua. Ukikuta ni ya breki, silinda ya gurudumu hilo inavuja. Ukikuta ni oili, sili ya habu, ule mpira unaozuia oili kwenye kitovu cha gurudumu, imekufa na oili imeshafika kwenye laini.

Wakati uko chini, fuata mabomba ya chuma kwa macho na kitambaa tangu mbele mpaka nyuma. Pale bomba linaposhikwa na klipu kwenye chasi ndipo matope hukaa na kutu huanza. Likwaruze kidogo kwa ukucha. Likimeguka maganda, badilisha. Halafu tafuta ujanja mmoja mbaya ambao nimeukuta mara nyingi kuliko ninavyopenda: bomba la gurudumu moja limekatwa na kupondwa kwa nyundo, au limezibwa kwa gololi, kwa sababu silinda ilikuwa inavuja na mwenye gari alikuwa na safari. Aliyefanya hivyo alikusudia kurudi kulitengeneza, lakini gari likauzwa. Wewe mnunuzi wa tatu unaendesha gari la magurudumu manne lenye breki tatu na hujui.

Fungua chombo cha mafuta ya breki. Kwenye Series III kipo chini ya boneti juu ya mastasilinda, yaani silinda kuu inayosukumwa na pedali. Kwenye Beetle kipo mbele, karibu na tairi la akiba. Mafuta mazima ni meupe yenye unjano, unaona mpaka chini. Yakiwa na rangi ya kahawa, yamwage yote. Mafuta mapya ya DOT 4 huvumilia joto la nyuzi 230 kabla ya kuchemka, lakini yakishalowa, kiwango kinachokubalika hushuka mpaka 155. DOT 3 huanza na 205 na kushuka mpaka 140. Kwenye mteremko mrefu dramu ikipata moto, mafuta yaliyolowa yanachemka ndani ya silinda, yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea kama hewa. Ndiyo maana kuna gari linalosimama vizuri mjini kutwa nzima halafu linakosa breki katikati ya mlima. Badilisha kila baada ya miaka miwili hata kama gari halitembei.

Na hapa lugha yetu imetuponza. Kwa kuwa tunayaita mafuta ya breki, wapo wanaoongeza oili ya injini au ya gia yakipungua, wakiamini mafuta ni mafuta. Oili hiyo huivimbisha mipira yote ndani ya mfumo. Mpira uliovimba hauna tiba: utabadilisha mastasilinda, silinda zote za magurudumu na hosi zote, na kuosha mabomba. Kama njiani umepungukiwa na huna mafuta sahihi, simamisha gari utafute. DOT 5 ya silikoni nayo usiichanganye na DOT 3 wala 4.

Pedali inazama polepole

Kaa kwenye kiti, injini imezimwa. Kama gari lina busta (chombo kinachoongezea mguu nguvu kwa mvuto wa hewa wa injini), kanyaga mara tano ili uishe upepo wake. Sasa kanyaga kwa nguvu unayotumia ukitaka kusimama ghafla, tulia hapohapo, hesabu mpaka sitini. Pedali inayoshuka chini ya mguu wako kama ngazi inayodidimia kwenye tope inasema mafuta yanatoroka. Swali ni yanatorokea wapi.

Kama kiwango kwenye chombo kinapungua siku hadi siku, yanatoka nje. Tazama upande wa ndani wa kila gurudumu, kisha tazama pale fimbo ya pedali inapoingilia mastasilinda. Unyevu mahali hapo ni mpira wa nyuma wa mastasilinda umechoka. Kwenye gari lenye busta kuna hila zaidi: mafuta huvujia ndani ya busta, injini inayavuta kupitia bomba la upepo na kuyachoma. Kiwango kinashuka, chini pamekauka kabisa, na kwenye ekzosi kuna moshi mweupe. Chomoa bomba la upepo kwenye busta. Likiwa limelowa ndani, umepata jibu.

Kama kiwango hakipungui hata kidogo na kila mahali pamekauka, basi mafuta yanapita pembeni ya mpira ndani ya mastasilinda na kurudi kwenye chombo. Watu wengi hapa hununua mipira mipya tu, kwa sababu ni rahisi. Sikatai, lakini kwanza safisha tundu la silinda kwa spiriti, lielekeze kwenye mwanga, upitishe ukucha taratibu. Ukucha ukikwama mahali, kuna shimo la kutu, na mpira mpya utaishi wiki chache. Msasa hauondoi shimo, unapanua tundu. Silinda ya namna hiyo ni ya kutupa.

Pedali iko chini, ukipampu inapanda

Hii ndiyo ile ya "unapampu mara mbili", na ina vyanzo viwili vinavyofanana machoni lakini mguu unavitofautisha. Pampu mpaka pedali ipande, kisha isukume kwa nguvu. Ikiwa ngumu kama jiwe, tatizo ni kuseti: breki shuu, vile vyuma vilivyobeba laini, ziko mbali na dramu, na kanyago la kwanza linaisha kwenye kuzisogeza tu. Ikiwa inadunda kama godoro, kuna hewa.

Anza na kuseti, maana haihitaji kununua kitu. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu yatakayobaki chini, inua gurudumu moja, weka stendi. Nyuma ya bamba la breki utaona kichwa cha adjasta, bolti ya kusogezea shuu. Kwenye 88 yenye dramu za inchi 10 kuna adjasta moja kwa gurudumu. Kwenye 109, ambayo dramu zake ni za inchi 11, kila shuu ina yake. Zungusha huku ukilizungusha gurudumu kwa mkono mwingine mpaka likwame, kisha rudisha kidogo mpaka lizunguke huru. Kusugua kwa sauti nyembamba hapa na pale si neno. Kisha kanyaga pedali kwa nguvu mara mbili ili shuu zikae sawa, urudi kuseti tena, maana mara nyingi utakuta nafasi imeongezeka. Watu wengi huruka hatua hii ya mwisho, wakashangaa kesho yake pedali imeshuka.

Adjasta iliyokufa kwa kutu usiipige kwa nyundo. Ipe mafuta ya kulainisha kutu usiku kucha, kwa uangalifu yasifike kwenye laini. Na kama adjasta inazunguka lakini gurudumu halikwami kamwe, laini zimekwisha au dramu imechongwa mara nyingi mpaka imekuwa pana kupita shuu zake. Fungua.

Kutoa hewa kwenye 109 kunahitaji subira, hasa mbele, ambako kila gurudumu lina silinda mbili zilizounganishwa kwa kibomba lakini nipo (kijiskrubu cha kutolea hewa) ni moja, na hewa hupenda kujificha humo. Kabla ya kuanza, kaza adjasta zote mpaka shuu zishike dramu. Hapo pistoni hazichezi, na kila kanyago linasukuma mafuta badala ya kusukuma shuu. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na mastasilinda. Kwa usukani wa kulia ni la nyuma kushoto. Mpira mwembamba kwenye nipo, ncha yake ndani ya chupa yenye mafuta safi, na msaidizi kwenye pedali anayeitika kwa sauti. "Shusha." "Imeshuka." Ndipo unafunga nipo, na baada ya kufunga ndipo anaachia. Akiachia kabla hujafunga, hewa inarudi.

Jambo moja ambalo ningependa kila msaidizi alijue: kwenye gari la zamani usikanyage pedali mpaka chini kabisa wakati wa kutoa hewa. Kwa miaka mingi mpira wa mastasilinda umekuwa ukisafiri sehemu ya juu tu ya tundu lake. Sehemu ya mwisho haijaguswa, na ina kutu. Ukiusukuma mpira hadi huko siku moja, unachanika, na gari lililoingia gereji na hewa kidogo linatoka halina pedali kabisa. Weka kipande cha ubao chini ya pedali kiizuie.

Umeseti, umetoa hewa, bado pedali inadunda? Shika hosi za mpira moja moja kwa kiganja huku msaidizi akikanyaga. Hosi iliyochoka unaisikia ikivimba mkononi kama mshipa. Kwa Peugeot 504, ambayo mbele ina diski, tikisa pia gurudumu: beringi zilizolegea huiachia diski iyumbe na kuzirudisha pedi nyuma, na pedali inashuka hata kama mafuta ni safi na hewa hakuna.

Pedali ngumu, gari linakwenda tu

Hii inatisha kuliko pedali laini, kwa sababu mguu unakuambia breki zipo. Kwa gari lenye busta, fanya jaribio hili: injini imezimwa, pampu mara tano, shikilia pedali, washa injini. Pedali ikishuka kidogo yenyewe, busta iko hai. Isiposhuka, tafuta bomba la upepo lililopasuka au valvu yake kabla ya kununua busta.

Gari lisilo na busta, au lenye busta nzima, litakuwa na shida kwenye laini. Laini iliyopata moto sana hung'aa kama sakafu iliyopigwa nta na haiumi tena. Au ni laini ya lori iliyokatwa na kubandikwa kwenye shuu ya Land Rover, ngumu mno kwa uzito wa gari hili. Sina ugomvi na wanaobandika laini mtaani, wengine ni mafundi wazuri sana, lakini kagua kazi yao: laini iliyopigiliwa iwe na vichwa vya ribiti vilivyozama vya kutosha, maana vikifika juu vinachimba dramu mifereji. Iliyogundishwa igonge kwa bisibisi pembeni; ikilia kama kitu chenye uwazi ndani, imeanza kubanduka, na siku ikibanduka gurudumu litafunga ghafla.

Usipulize vumbi la ndani ya dramu kwa mdomo wala kwa kompresa. Laini za miaka ile zilikuwa na asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu bila kurudi nyuma. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, kitupe kikiwa kibichi. Watoto wa gereji wasogee mbali.

Gari linavuta upande

Gari likivuta kushoto ukikanyaga breki, wengi hufungua gurudumu la kushoto. Mara nyingi la kushoto ndilo zima. Gari huelekea upande unaoshika, kwa hiyo mgonjwa yuko kulia: laini imelowa oili, silinda imekwama kwa kutu, au bomba limezibwa kama nilivyosema. Ubaguzi ni pale linapovuta hata bila kukanyaga, hapo gurudumu la upande huo linashika lenyewe.

Laini iliyolowa oili usiimwagie petroli na kuiwasha moto. Najua inafanyika kila mahali, na najua baada ya hapo breki huuma vizuri kwa siku mbili tatu. Oili imeingia ndani kabisa ya laini, na dramu ikipata joto itatoka tena juu. Badilisha laini za magurudumu yote mawili ya ekseli hiyo, kushoto na kulia pamoja, baada ya kubadilisha sili iliyovujisha. Na kabla ya kulaumu sili, tazama tundu la kupumulia la ekseli. Likizibwa na matope, joto husukuma oili itoke popote inapoweza, na sili mpya itavuja kama ya zamani.

Breki zinashika zenyewe

Umetembea kilomita tano, gari ni zito, dramu moja haishikiki. Inua gurudumu hilo likiwa bado limekwama, fungua nipo yake. Mafuta yakiruka na gurudumu likawa huru, shinikizo lilikuwa limenaswa. Gurudumu lisipolegea hata nipo ikiwa wazi, shida ni ya chuma: springi imekatika, pistoni imekwama, shuu imepinda.

Kwa shinikizo lililonaswa, gurudumu moja likiwa na shida, shuku hosi yake. Hosi ya zamani huvimba kwa ndani na kuwa kama mlango unaofunguka upande mmoja. Mguu una nguvu ya kupitisha mafuta kwenda, springi hazina nguvu ya kuyarudisha. Kwa nje inaonekana nzima kabisa. Magurudumu yote yakishika, tazama juu: fimbo ya pedali lazima iwe na nafasi ndogo kabla ya kugusa pistoni ya mastasilinda. Kwenye Beetle ni kama milimita 1. Mtu akiirefusha fimbo ili "kupandisha" pedali, kijitundu cha kurudishia mafuta hubaki kimezibwa, na breki hukaza zenyewe kadiri zinavyopata moto.

Hendibreki

Hendibreki ya Land Rover hizi haiko kwenye magurudumu. Ni dramu moja nyuma ya transifa (boksi la gia linalogawa nguvu kwa ekseli), inayoshika propela shafti ya nyuma, yaani ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma. Asiyejua hili ataumia.

Mwaka wangu wa pili gereji niliinua gurudumu la nyuma la 109 iliyokuwa na hendibreki nzuri kabisa, imevutwa mpaka juu. Sikuweka mawe. Gurudumu lilipoacha ardhi gari likaanza kusogea mbele, polepole, jeki ikalala, ekseli ikatua chini kwa kishindo ambacho mpaka leo nakikumbuka. Mkono wangu ulikuwa umetoka hapo muda mfupi tu. Nilidhani hendibreki imekatika. Ilikuwa nzima. Propela shafti ilikuwa imeshikwa barabara, lakini difu, gia za katikati ya ekseli zinazoruhusu magurudumu mawili kuzunguka tofauti, ilikuwa huru kuzungusha gurudumu la hewani kinyumenyume huku lililo chini likiendelea mbele. Gurudumu moja la nyuma likiwa juu, hendibreki hiyo haishiki kitu. Mawe kwanza, jeki baadaye, kila mara.

Kwa sababu hiyohiyo, hendibreki iliyoshika jana na leo haishiki kabisa, bila kulegea kwa lever, inaweza kuwa hafushafti iliyokatika, yaani mhimili unaotoka kwenye difu kwenda gurudumuni. Kwenye Series hafushafti za nyuma hukatika, na mwenye gari akiingiza foo-wili (ekseli zote mbili kuvuta) gari linatembea kwa magurudumu ya mbele, anasema nitatengeneza wiki ijayo. Wiki hiyo yote hana hendibreki.

Ikiwa lever inapanda sana kabla ya kushika, seti adjasta kwenye bamba la dramu hiyo: kaza mpaka shuu zishike, rudisha vidoko viwili, vuta lever kwa nguvu mara moja, jaribu. Ikiwa imeseti vizuri na bado inateleza, fungua dramu utazame oili. Sili ya nyuma ya transifa ikivuja, dramu hujaa oili na hendibreki inakuwa pambo. Na usiivute gari likiwa kwenye mwendo ukidhani itakusaidia kupunguza kasi. Mzigo wote unaangukia propela shafti, difu na hafushafti, na kitu kitakatika.

Mawili ya mwisho, nje ya hendibreki. Kutikisika kwa pedali ukikanyaga ni dramu ya gurudumu iliyopoteza mviringo. Ipeleke ikachongwe, mradi haijafikia mwisho wa unene wake. Taa za breki ziwake, zote mbili. Kwenye Beetle swichi yake imefungwa kwenye mastasilinda na huwashwa na shinikizo la mafuta, kwa hiyo ikague kama inavuja.

Kutoka getini

Jaribio la kwanza lifanyike uani, kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, injini ikiwa hai na mkono karibu na hendibreki, kwa dharura tu. Kisha sehemu tambarare isiyo na watu, kilomita 20 kwa saa, kanyago moja, usukani umeshikwa kwa wepesi ili uhisi gari linataka kwenda wapi. Rudia kwa 40. Kama wakati wowote mguu wako umetaka kupampu, rudi gereji.

Jaribu pia kinyumenyume kwenye kilima kidogo. 109 mbele ina shuu zilizopangwa zote mbili ziume gari likienda mbele. Likirudi nyuma, uumaji wake hupungua sana. Ukijua hivyo hutashtuka siku gari likizimika mlimani likaanza kurudi. Utakanyaga kwa nguvu mara mbili ya kawaida na kuacha gia imeingia. Ukivuka mto au dimbwi refu, dramu hujaa maji na matope. Kanyaga kidogokidogo ukitembea mpaka uhisi zinauma tena, na ukifika fungua uoshe, maana mchanga uliobaki ndani husaga laini na dramu pamoja.

Na kama safari yako ina mlima, tuseme unatoka Iringa unaelekea Morogoro na mteremko mkali wa Kitonga uko mbele yako, kumbuka kwamba nyingi za gari hizi, hasa 88 zisizo na busta, zina njia moja tu ya mafuta. Bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne yanakosa. Simama juu kabla ya kuanza kushuka, kanyaga pedali, uipime urefu wake. Ingiza gia ya pili mapema, mlima ukiwa bado haujaanza, uiache injini ibebe gari. Usitumie low, zile gia nzito za transifa, kwenye lami kavu, kwani kwenye Series low huingiza magurudumu yote manne na mitambo hujibana yenyewe kwa yenyewe. Kanyaga kwa nguvu, punguza mwendo, achia, dramu zipumue. Usiweke mguu juu ya pedali kutwa. Pedali ikianza kurefuka au ukisikia harufu ya laini inayoungua, tafuta mahali pa kuegesha mara moja, weka mawe, subiri nusu saa.

Ukifika chini, egesha, zunguka gari, usogeze kiganja karibu na kila dramu bila kuigusa. Joto liwe karibu sawa kwa mbili za mbele, na karibu sawa kwa mbili za nyuma. Ile iliyo baridi kuliko mwenzake haikufanya kazi mlima wote, na hiyo ndiyo utakayoifungua kwanza kesho.